Matuta ya Mchanga Chini ya Miguu ya Baba

Wiki iliyopita niliagiza mchanga wa kujengea ukuta. Lori lilirudi kinyumenyume hadi getini, likainua tumbo, na mzigo ukashuka kwa kishindo kimoja kizito. Mchanga ulikuwa bado umelowa, inaelekea ulichotwa mtoni asubuhi hiyohiyo. Harufu yake ilinifikia nikiwa jikoni, harufu ya maji, majani yaliyoanza kuoza na kitu kama chuma. Niliacha kitunguu nusu hakijakatwa nikatoka nje. Fundi alidhani nimekuja kukagua kama sijapunjwa, kumbe nilisimama tu pale, mtu mzima mwenye watoto, nikinusa mchanga huku machozi yananilengalenga.

"Dada, kuna tatizo?" aliuliza.

"Hakuna. Unanukia vizuri tu."

Alinitazama kwa huruma, akarudi kwa wenzake. Simlaumu. Ningeanzia wapi kumweleza habari za Baba na mto wetu?

Tulikuwa tunaishi Mbezi, upande wa bondeni, enzi ambazo stendi kubwa ya mabasi ilikuwa haijaja Mbezi Luis na kelele zake. Nyumba yetu ilikuwa juu kidogo ya mto. Nauita mto kwa kuuheshimu tu. Wakati wa kiangazi ulikuwa ni maji ya kufika kwenye kifundo cha mguu, mapana, maangavu, yanayotambaa juu ya mchanga bila haraka yoyote. Ng'ambo, kwenye kilima cha pili, lilikuwapo kanisa letu, na paa lake tuliliona kutoka uani kwetu. Ukishuka, ukavuka, ukapanda, umefika. Ukitaka kupita barabarani, unapanda mpaka kwenye lami, unabanana na malori hadi darajani, kisha unashuka tena upande wa pili, na ukifika huko umechoka kama uliyetoka shamba.

Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Siku za kazi alikuwa karani wa ghala huko Chang'ombe, lakini pale mtaani hakuna aliyemjua kwa ukarani. Alikuwa Mpare mrefu, mwembamba, mwenye sauti ya besi iliyokuwa inatangulia kufika kabla yake. Aliamini kwamba dhambi zote zinasameheka isipokuwa ya kuimba ukiwa nyuma ya mdundo. Nilimwogopa kidogo na nilimpenda sana, na sidhani kama nilikuwa na njia ya kutenganisha mambo hayo mawili.

Macho yake yalianza kuondoka kwa pembeni. Siku ya kwanza aligonga mlango wa chumbani kwa bega, akasema mlango umehama. Tulicheka wote, naye alicheka kutuzidi. Halafu akawa anamwaga chai. Halafu akawa anamsalimia Mama akidhani ni jirani. Hospitali wakasema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa. Mimi nilikuwa mdogo, ndiyo kwanza nimejua kusoma bila kufuatisha kwa kidole, na kuchelewa nilikokujua ni kule kwa shule tu, ambako unachapwa halafu unaingia darasani kama wengine. Nilingoja Baba naye aingie.

Akina mama wa jumuiya walikuja nyumbani kumwombea. Walijaa sebuleni, wakafumba macho, wakaomba kwa sauti zinazopishana, huku Baba ameketi katikati mikono juu ya magoti. Kila waliposema amina nilifumbua jicho moja kumchungulia kama ameshapona. Wiki baada ya wiki nilichungulia. Baba aliwashukuru, Mama akawaletea chai, wakaondoka, na vikombe nikaviosha mimi.

Kazi ya ghala ikaisha. Ikabaki kwaya. Mwanzoni vijana wawili wa kwaya, waimbaji wa sauti ya tena, walikuwa wanakuja kumchukua Jumamosi, mmoja mkono wa kulia na mwingine wa kushoto, wanamzungusha kupitia barabarani. Walikuwa vijana wema sana. Baba alivumilia mara chache, kisha siku moja akarudi amenuna, akavua koti na kulitupa kitandani.

"Wamenipeleka kama kabati," alimwambia Mama. "Mwalimu, inua mguu. Mwalimu, kuna jiwe. Mwalimu, pumzika. Sasa nikisimama pale mbele niwafundishe nini, wakati wenyewe wamenibeba?"

"Wanakupenda, Baba Naelijwa," Mama alisema taratibu, akimwita kwa jina langu.

"Najua. Na leo mwenyekiti wa kwaya ameniambia nikichoka nipumzike, watamtafuta mtu wa kushika kwa muda." Akaketi kando ya koti. "Kwa muda. Nikishindwa kufika pale kwa miguu yangu mwenyewe, siendi tena. Wamchukue tu huyo wa muda."

Hakwenda tena. Jumamosi jioni alikuwa anakaa uani kwenye kiti chake cha mbao, uso kuelekea ng'ambo, na upepo ukituletea kwaya vipande vipande. Vidole vyake vilipiga mdundo gotini. "Alto wanashuka," alikuwa anasema peke yake. "Wanashuka, wanashuka, haya, wameshaanguka." Nilikuwa naketi karibu yake nikichambua mchele, na hata mie mtoto nilielewa kwamba kile kiti kikiendelea kukaliwa namna ile, Baba hatatoka humo.

Siku moja ya joto kali akaniambia nimpeleke mtoni akanyage maji. Mama alisita. Chini kidogo ya pale tunapovukia, wachimba mchanga walikuwa wameacha shimo. Maji yalitulia juu yake, ya kijani, na hakuna mtoto aliyeruhusiwa kulisogelea. Mtu asiyeona, akipinda kidogo tu kufuata maji, angetumbukia humo. Mama alinishika bega akaninong'oneza nisimwachie mkono kwa lolote.

Baba alivua viatu, akakunja suruali, akaingia. Tulipofika katikati akasimama ghafla.

"Hapa chini kuna nini?"

"Mchanga, Baba."

"Najua ni mchanga. Umefanyaje?"

Niliinama. Nilikuwa nimeuvuka mto ule karibu kila siku ya maisha yangu, na naapa sikuwahi kuona nilichokiona pale. Chini ya maji mchanga wote ulikuwa umejipanga kwa matuta madogo madogo, mstari baada ya mstari, kama matuta ya viazi yaliyolimwa na mtu wa urefu wa kidole.

"Umejikunja, Baba. Kama bati."

"Fumba macho. Kanyaga polepole." Aliushika mguu wangu kwa mkono wake akaupeleka. "Huku kunapanda taratibu. Umesikia? Na huku kunaanguka ghafla. Maji yanatokea upande wa kupanda, yanaangukia huku. Haya fumbua. Shimo liko upande upi?"

"Wa kuanguka."

"Na migongo ya matuta imetoka wapi kwenda wapi?"

Nilitazama. Ilikuwa imekata mto, kutoka ukingo wetu hadi ukingo wa kanisa. Mingine ilikuwa imepinda na mingine inaishia njiani, lakini palipoishia mmoja palikuwa na mwingine jirani yake. Baba hakungoja nijibu. Alikuwa ameshaanza kutembea, kidole gumba kikipapasa mgongo wa tuta, mkono wangu ameuachia. Alikulia kwenye mifereji ya Upare, ambako watoto wanatumwa kufungulia maji alfajiri kabla jua halijatoka, na nadhani miguu yake ilikumbuka kazi ile. Alifika ng'ambo, akageuka, akarudi kwa mtindo uleule. Uso wake ulikuwa na ile sura ya mtu aliyesikia sauti nne zimekaa mahali pake.

Sasa mimi nikaelewa nilivyoelewa. Watu walikuwa wameomba macho, na Mungu amesikia, ila jibu amelipeleka miguuni. Kwangu ilikuwa wazi kabisa. Kwa nini basi matuta yale hayakuwapo kabla ya maombi? Yamewekwa kwa ajili ya Baba, usiku, mtu akiwa hayupo. Na kitu alichowekewa Baba ni kimoja, kama miwani au meno ya bandia. Kikiharibika kimeharibika.

Kuanzia siku hiyo nikawa mlinzi wa mto. Mimi mwenyewe niliacha kukanyaga pale, nikawa naruka juu ya mawe huko juu kwenye miiba. Mbuzi niliwafukuza kwa fimbo. Watoto wenzangu niliwapigia kelele hadi wakanibandika jina la Askari wa Mto, na lilinifuata mpaka sekondari. Hata watu wazima sikuwaacha. Mama Mwajuma, jirani yetu mwenye mwili mkubwa na kicheko kikubwa zaidi, alishuka na beseni la nguo kichwani akanikuta nimetanua mikono.

"Shikamoo. Naomba usipite hapo."

"Marahaba. Kheee! We mtoto, kwani huu mto wa babaako?"

"Ndiyo. Ni wa Baba."

Alicheka mpaka beseni likayumba. "Haya bosi, nionyeshe basi mie nipite wapi." Nikamwonyesha mawe. Na mama yule, na mwili wake wote ule na beseni lake la nguo, akapita kwenye mawe. Akaendelea kupita huko kila siku, bila kuuliza sababu. Nimekutana na watu wengi wenye elimu ya ustaarabu, lakini adabu ya namna ile bado naihesabu kwa Mama Mwajuma.

Kila mchana Baba na mimi tulikwenda kufanya mazoezi. Nilimwambia habari za shule huku yeye anavuka na kurudi. Kisha usiku mmoja, tunakula ugali na mchicha, akasema, "Jumamosi hii nakwenda kwenye kwaya. Peke yangu."

Mama aliweka tonge chini. "Na shimo?"

"Shimo liko upande wa kuanguka," alijibu Baba, kama vile hilo linamtosha mtu yeyote.

Jumamosi hiyo, baada ya chakula, nilitangulia kushuka kukagua. Na hapo moyo wangu ukapasuka. Vijana walikuwa wamecheza mpira wa chandimu mle ndani ya mto. Hawakuwapo tena, walibakiza nyayo tu, mamia ya nyayo, mchanga umevurugwa ukingo hadi ukingo. Hakuna tuta hata moja lililosalia.

Nililia kidogo, halafu nikaacha, kwa sababu kazi ilikuwa nyingi. Niliketi ndani ya maji na gauni langu, nikasawazisha mchanga kwa viganja, nikaanza kulima matuta mapya kwa vidole. Nilivuta kuelekea upande yanakokwenda maji, maana huko ndiko maji yalinisaidia. Safu zilitoka nzuri, zimenyooka kuliko hata za Mungu. Nilisimama nizitazame vizuri. Zilikuwa zinakwenda moja kwa moja shimoni.

Sijawahi kuogopa namna ile tena, hata siku nilipojifungua. Nilizikanyaga zote, nikazifuta kwa miguu na mikono hadi mchanga ukabaki tambarare, halafu nikapanda ukingoni nikakaa. Hapo ndipo nikasikia fimbo ya Baba ikigonga mawe ya njiani. Alikuwa amevaa shati jeupe la kwaya.

"Baba, usivuke! Yameharibika. Wamecheza mpira. Nimejaribu kuyatengeneza nikayaelekeza shimoni, nimeyafuta, hayapo tena."

Nilitegemea ageuke arudi kwenye kiti chake. Badala yake alipapasa nyasi, akaketi kando yangu na shati lake jeupe.

"Nani alikwambia uyatengeneze wewe?"

"Sasa nani atayatengeneza? Mungu alishaleta mara moja."

Nadhani ndipo alipoelewa kwa nini mtaa mzima ulikuwa unamsimulia habari za binti yake na fimbo. Kisha akasema kwa sauti ya upole ambayo hakuwa akiitumia kwa wanakwaya, "Hebu niangalizie. Mchanga unafanya nini sasa hivi?"

"Haufanyi kitu. Umelala."

"Angalia vizuri. Mie sina haraka, kwaya imeshaningoja siku zote hizi."

Nikaangalia. Kwanza kweli haukufanya kitu. Halafu nikaona chembe zinatambaa, nyingine zinarukaruka kidogo na kutua. Palipokuwa na alama ya kisigino changu, zikaanza kujikusanya. Nikamwambia. Kikatokea kijinundu cha ukubwa wa harage. Nikamwambia. Chembe zikawa zinapanda mgongo wake moja moja, zikifika juu zinaporomokea mbele, na mbele yake maji yanachimbachimba na kusukuma mchanga wa pale ukae mbele zaidi.

"Kimezaa kingine, Baba! Mbele yake."

"Cha pili?"

"Cha pili kinazaa cha tatu. Na pembeni kule pia vipo. Vinarefuka, vinashikana mikono."

"Endelea."

"Vile vidogo vinatembea haraka. Hicho kimemfikia mkubwa wake. Kimeingia. Kimekuwa kitu kimoja."

"Kwani vinatembea?"

"Vinatembea vyote! Polepole sana, vinakwenda na maji."

Baba aligonga goti lake kwa furaha. "Kumbe! Basi siku zote nilizovuka nimekanyaga matuta mengine kila mara, na mimi nadhani nayajua moja moja kama wanakwaya wangu." Alicheka, akatikisa kichwa. Tuliendelea kukaa, mimi nasimulia na yeye anauliza, hadi mto wote, kutoka kwetu hadi upande wa kanisa, ukawa umejipanga tena. Hayakuwa marefu kama ya asubuhi, lakini yalikuwapo, na yalikuwa yamekata mto kama inavyotakiwa.

Nilijisikia vibaya hata hivyo, na nikamwambia. "Kwa hiyo si ya kwako. Ni maji tu."

"Yangekuwa ya kwangu peke yangu," alisema, "ningekufa kwa wasiwasi kila mtu anapovua viatu. Hivi ni bora. Waache watoto wacheze mpira wao." Akasimama, akajipangusa nyasi, akafunga viatu kwa kamba na kuvitundika shingoni. "Na wewe ubaki hapahapa. Usiseme neno."

Aliingia majini. Nilibana mikono katikati ya magoti. Nyuma yangu mihogo ilichakarisha, nikageuka, na Mama alikuwa amechuchumaa pale ndani, ndala zake mkononi, kanga ameiuma kwa meno. Sijui alifika saa ngapi. Alikuja akaketi pale Baba alipokuwa ameketi.

Baba alikwenda vizuri hadi karibu na katikati, kisha akasimama. Pale ndipo nilipokuwa nimefukua sana, na matuta yalikuwa bado machanga. Mguu wake wa kulia ulizunguka kushoto, ukazunguka kulia. Alisogea hatua moja upande wa shimo. Nilifumbua mdomo nipige kelele, na mkono wa Mama ukanifunika, mkono wenye harufu ya vitunguu. Tulimtazama amesimama pale na shati lake jeupe, maji yakimpita. Kidole gumba kilikuwa kinatafuta. Kikatafuta tena. Halafu bega lake likashuka, akarudi hatua ile moja, na akaendelea.

Alitokea ng'ambo juu kidogo ya njia. Fimbo ikapapasa majani, ikapata udongo mgumu. Hakugeuka kututafuta. Alifuta miguu kwa leso, akavaa viatu, akanyoosha kola, akapanda kilima taratibu kama mtu anayekwenda kazini.

Baada ya muda kwaya iliyokuwa inasikika kule juu ilikatika ghafla, na vikasikika vigelegele. Kisha wakaimba mstari mmoja, wakakatizwa. Wakaimba uleule, wakakatizwa tena. Mama alikuwa anacheka na kulia pamoja, na mimi nilijua bila kuambiwa kwamba alto leo wamepatikana.

Mama akasimama, akavaa ndala zake. "Hivi huyu baba yako," akasema, "ameondoka hata kusema anarudi saa ngapi hakusema. Chakula mie nipakue saa ngapi? Na lile shati nimelinyoosha asubuhi, amelikalisha kwenye majani! Anadhani nyasi zinatoka kwenye nguo nyeupe?"

Nilimtazama kwa mshangao. Tangu macho ya Baba yaondoke, Mama hakuwa amemlalamikia hata mara moja. Alikuwa anaongea naye kwa ile sauti ya chini tunayomwekea mgonjwa. Sasa alinitangulia kupanda kilima akimlalamikia njia nzima, shati, chakula, uchafu wa viatu, na tabia za Wapare kwa ujumla, na mimi nikamfuata nyuma, gauni limelowa mpaka kiunoni, nikimshukuru Mungu kwa kila lalamiko.